Kikombe Kina Mita, Gunia Je?

Mjini Mbale, Uganda, huwezi kuukwepa mlima Wanale. Ukitoka dukani unauona, ukipanda boda unauona, ukiketi mkahawani na uso wako ukielekea mashariki unaukuta umesimama kama ukuta juu ya mabati ya mji. Mvua ikinyesha ya kutosha, maporomoko yake huonekana kutoka barabarani kama nyuzi nyeupe zilizoning'inizwa mwambani. Huko juu ndiko kahawa inakolimwa, chini ya migomba, katika mashamba madogo yaliyobandikwa mteremkoni. Huku chini, katika mikahawa michache yenye mashine za Kiitalia, ndiko sehemu yake ndogo sana inakonywewa.

Nilianza nikitaka kujua jambo dogo tu: mwenye mkahawa anajuaje vikombe vingapi vimetoka kwenye mashine yake siku nzima, hasa siku ambayo hayupo? Jibu lake ndilo lililonipandisha mlimani.

Wakati wa kufunga, barista husafisha bomba la mvuke, huchomoa mipini yenye vichujio na kuiloweka kwenye maji ya dawa, kisha hufanya kitu ambacho mteja haoni. Hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kwenye kioo kidogo cha mashine hutokea safu ya tarakimu: dozi moja, dozi mbili, kahawa ndefu, maji ya moto ya chai. Kila kichwa cha mashine kina hesabu yake. Katika mkahawa mmoja nilioketi mpaka taa za nje zikazimwa, dada aliyekuwa zamu alizinakili tarakimu hizo kwenye daftari la mistari, akapiga mstari chini kwa rula, akatia saini. Bosi wake alikuwa Kampala. Aliniambia kwamba bosi hupokea picha ya ukurasa ule kila usiku kwa WhatsApp, na usiku ambao picha imechelewa, simu hulia.

Mashine inajuaje? Fundi mmoja wa mashine hizi alikuwa na kipuri chakavu ndani ya begi lake, akanifungulia. Ni kikopo cha shaba kinachoenea kiganjani. Ndani mna kigurudumu cha plastiki chenye mabawa, mithili ya pangaboi la kuchezea watoto, na kwenye mabawa hayo zimepachikwa sumaku ndogo. Maji yakisukumwa na pampu kuelekea kwenye kichwa cha mashine hupita humo, kigurudumu kinazunguka, na kila sumaku inapopita mbele ya kitambuzi kilicho juu ya kifuniko, mpigo mmoja wa umeme unatumwa. Mpigo mmoja ni maji kidogo sana, kwa mashine nyingi karibu nusu mililita. Barista akibonyeza kitufe cha dozi mbili, ubongo wa mashine huanza kuhesabu mipigo. Ikitimia idadi iliyopangwa, vali inafunga, kahawa inakatika, na hesabu ya kitufe kile inaongezeka kwa moja. Fundi alikizungusha kigurudumu kwa ncha ya kidole, kikaenda bila sauti. Nilikishika muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Mita hiyo haikuwekwa kwanza ili kumchunga mtu. Iliwekwa kwa ajili ya ladha. Espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa nguvu ya bar 9 kupita kwenye kahawa laini iliyoshindiliwa, kwa sekunde 25 hadi 30. Maji yakizidi, kikombe kinakuwa chepesi na kichungu. Yakipungua, kinakuwa kikali chenye uchachu. Hesabu ikaja kama faida ya ziada, na mafundi ndio waliokuwa wa kwanza kuifurahia. Kwa hesabu hiyo fundi anajua gasketi zibadilishwe lini na kichujio cha maji kimepitisha lita ngapi, kama makanika anavyotazama kilomita za gari kabla ya kumwaga oili.

Mashine za zamani hazikuwa na kitu cha namna hii. Angelo Moriondo wa Turin alisajili hataza ya mashine yake ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akaja na ya kwake mwaka 1901, na baada ya Vita Kuu ya Pili Achille Gaggia akaleta ile ya mkono, ambayo barista huvuta mpini na springi ndiyo inayosukuma maji. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa E61, yenye pampu ya umeme. Katika miaka yote hiyo aliyehesabu vikombe alikuwa mtu mwenye kalamu, au mtu mwenye kumbukumbu. Elektroniki ndiyo iliyoihamisha kazi hiyo ndani ya mashine.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumekunywa kahawa karne nyingi kwa hesabu ya aina nyingine. Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja anamjua muuza kahawa mwenye dele la shaba na jiko la makaa chini yake, anayegonganisha vikombe vya sini mkononi ili kutangaza kuwa amefika. Wazee barazani hunywa mfululizo huku mazungumzo yakiendelea, kashata ikimegwa, na hela hutolewa mwisho. Hesabu yote imo kichwani mwa muuzaji na katika uaminifu wa mnywaji. Kikombe ni kidogo, bei ni ndogo, na wanajuana. Mzee akisema vinne, ni vinne. Huku Mbale kuna chungu cha malwa, pombe ya ulezi, wanaume wamekizunguka na mirija mirefu. Kinacholipiwa ni chungu, na hakuna anayeuliza nani kavuta zaidi.

Hesabu ya namna hiyo inaishi pale ambapo watu wanatazamana. Mashine ya espreso imekuja na mpangilio tofauti: mtaji mkubwa, mwenye mali yuko mbali, mfanyakazi ni kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, na mteja ni mpita njia anayeelekea Sipi kuona maporomoko au Jinja kupanda mashua kwenye Nile. Hapo uaminifu peke yake haubebi mzigo. Ndipo mita inapopata kazi ya pili.

Ulimwengu umeipeleka mbali kazi hiyo. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room, ili wenzao wa ghorofa nyingine wasipande ngazi bure na kukuta birika tupu. Mwaka 1993 picha ile ikawekwa kwenye intaneti, watu wa dunia nzima wakawa wanalitazama birika la watu wasiowajua, hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Kamera ile ilijua kama kahawa ipo au haipo, basi. Leo viwanda kama WMF na Franke vinauza mashine zinazotuma habari za kila kikombe kwa intaneti: saa ngapi, kitufe gani, mashine imesafishwa lini. Mwenye mali anaweza kuketi Dubai na kuona kikombe cha saa moja asubuhi kikitoka. Mbale, ambako umeme hukatika na data ni ya kununua kwa bando, picha ya daftari inafanya karibu kazi ileile, na ina saini ya mtu.

Lakini kuna jambo ambalo wenye mali wengi hawalielewi, na limewaumiza vijana. Mita inahesabu mara ambazo kitufe kimekamilisha kazi yake. Haihesabu vikombe vilivyouzwa. Kila asubuhi barista hujaribu kahawa kabla ya mteja wa kwanza, kwa sababu buni iliyokaangwa hubadilika siku hadi siku, na hewa yenye unyevu hubadilisha namna inavyosagika. Hukamua dozi ya kwanza, anaonja, anaimwaga. Anarekebisha mashine ya kusagia, anakamua ya pili, anaimwaga. Pengine ya tatu ndiyo inayokubali. Hizo zote zimeingia kwenye hesabu. Kuna kikombe kilichorudishwa na mteja. Kuna kilichomwagika. Kwa upande mwingine, dozi mbili iliyogawanywa kwa mpini wenye midomo miwili inajaza vikombe viwili, na mita inaandika moja tu. Baadhi ya mashine huhesabu hata maji ya kusuuzia kichwa, nyingine huyaacha.

Nilimwona kijana mmoja akikatwa mshahara kwa ajili ya hili. Mkahawa siutaji, wala mji wake. Mwisho wa mwezi tarakimu za mashine zilizidi risiti, na mwenye mali aliyekuwa amejifunza kusoma kioo cha mashine wiki ileile akaamua kwamba tofauti yote ni wizi. Kijana alijaribu kueleza habari ya dozi za asubuhi. Hakuwa ameziandika popote, kwa sababu hakuna aliyemwambia aziandike. Akalipa kahawa aliyoimwaga kwenye sinki ili wateja wa mwenye mali wanywe kahawa nzuri. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuiba, na mpaka leo naamini kwamba mita ile, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilitumika kumdhulumu.

Mikahawa inayojua kazi yake hutumia vipimo vitatu, si kimoja. Kwanza mita ya mashine. Pili risiti, na Uganda tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa risiti kupitia mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato, kwa hiyo mauzo yana kumbukumbu nje ya droo ya mwenye duka. Tatu mizani: kilo ngapi za kahawa zilikuwepo asubuhi, ngapi zimebaki usiku. Dozi mbili ni gramu 18. Kama zimetumika kilo 3, zilipaswa kutoka dozi 166. Tuseme mita inasema 164, risiti zinasema 150. Sasa kuna dozi 14 za kuulizia, na daftari la barista linajibu: 6 za majaribio asubuhi, 4 za wafanyakazi, 2 zilizorudishwa, 1 iliyomwagika. Imebaki 1. Hakuna mwenye akili atakayemfukuza mtu kwa dozi 1.

Dada wa daftari la mistari alinionyesha safu yake ya majaribio. Kila dozi iliyomwagwa ina saa yake na sababu yake. Anaipenda safu ile kuliko zote, aliniambia, kwa sababu ndiyo inayomlinda. Hapo nikaelewa kwamba hesabu si ya bosi peke yake. Ikiwa wazi kwa wote wawili, mfanyakazi anasimama mbele ya mwajiri wake akiwa na ushahidi mkononi.

Nikauliza swali lililofuata, na nadhani mtu yeyote aliyeketi akiutazama Wanale angeliuliza. Kama kikombe kinachohesabiwa kwa nusu mililita kinastahili vipimo vitatu na safu ya kueleza kila tone lililomwagwa, tunda lililokizaa kikombe hicho linahesabiwaje?

Barabara ya Wanale inapanda kwa kona kali, na kila kona inakupa Mbale iliyo ndogo kuliko ya kona iliyopita. Unasalimiwa kwa mulembe, salamu ya Wamasaba, nawe unaitika mulembe. Mibuni ya huku ni arabika, ya mbegu za SL14 na SL28 zilizotoka katika maabara za Scott nchini Kenya, na ile ya zamani inayoitwa Nyasaland. Udongo ni wa volkano, mwekundu, na wakati wa mvua unashika viatu kama gundi. Matunda yakiwa mekundu huchumwa moja moja kwa mkono, kwa sababu kwenye tawi moja tunda lililoiva liko jirani na bichi. Wengi wanaochuma ni akina mama na vijana. Kisha yanabebwa kichwani au mgongoni mwa punda.

Nilifanya hesabu nikiwa nimekaa kwenye jiwe, kwa kalamu, na nataka msomaji aifanye pamoja nami. Tuseme mti mmoja umetoa kilo 3 za matunda mekundu kwa msimu. Zinahitajika takriban kilo 6 za matunda kupata kilo 1 ya buni iliyokobolewa, kwa hiyo mti ule una nusu kilo. Ikikaangwa, buni hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake. Zinabaki gramu 416 hivi. Gawa kwa 18. Mti mmoja, msimu mzima, kupalilia, kupogoa, kupiga dawa, kuchuma na kubeba, ni dozi 23. Gunia la kilo 60, ambalo ndilo kipimo cha biashara ya dunia, ni miti 120, na linatoa dozi 2,777. Mashine inayokamua dozi 100 kwa siku inalimaliza kwa siku 28.

Sasa rudi kwenye mizani. Njiani kuna vibanda vya wanunuzi, vingine vya watu waaminifu, vingine sivyo. Mizani ya springi inaning'inia kwenye boriti. Gunia linatundikwa, linayumba, mnunuzi anasoma mshale, anataja namba, anaiandika kwenye daftari lake mwenyewe. Anapunguza kidogo kwa ajili ya maji, anapunguza kidogo kwa ajili ya uchafu, kwa makadirio ya jicho. Mkulima anapewa pesa. Mara nyingi hapewi karatasi. Na huyo ni yule aliyefika hadi kwenye mizani. Mwingine aliuza kahawa yake ikiwa bado ua mtini, kwa sababu ada ya shule haikusubiri matunda yaive, na kahawa ile haikupimwa kabisa alipoiuza.

Kilo 1 ya matunda ikipotea kati ya mshale na daftari, zimepotea dozi 7 na zaidi. Mkahawani, dozi 7 zisizo na maelezo zinamtoa bosi Kampala. Mlimani hakuna anayepiga simu.

Watu wa mlima huu hawakulala juu ya jambo hilo. Chama kikuu cha ushirika cha eneo lao la Bugisu, BCU, kilianzishwa mwaka 1954, mwaka uleule ambao bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa Jinja. Mara nyingi nayafikiria matukio hayo mawili: umeme unaozungusha mashine zetu za kahawa na ushirika uliozaliwa ili mkulima awe na sauti juu ya uzito na bei, vyote vya mwaka mmoja. Msomi wa Kimarekani Stephen Bunker aliandika kitabu kizima juu ya mvutano wa wakulima wa Bugisu na serikali kuanzia mwaka 1900 hadi 1983, na mvutano huo ulihusu hasa nani anadhibiti soko la kahawa. Hakuna serikali iliyowaachia kirahisi, ya kikoloni wala ya baadaye.

Hesabu ikiwa ya dhuluma, watu huikimbia. Julai 1975 barafu iliangamiza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda hadi kiwango ambacho wakulima hawakuwahi kukiona. Katika Uganda ya Idi Amin, bodi ya serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee halali, na malipo yake yalikuwa hafifu. Kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilipita mlimani kwa punda na kwa vichwa vya watu kuelekea Kenya, na soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likawa jina linalotajwa mpaka leo kila panapozungumzwa utajiri wa ghafla. Takwimu za Uganda za miaka ile haziwezi kusema kweli kahawa ilikuwa kiasi gani. Magunia yalikuwepo, yalikuwa na uzito, yalikuwa na jasho la watu, ila yalikuwa yamejitoa kwenye vitabu.

Ukiritimba wa bodi uliondolewa mwaka 1991, na wanunuzi binafsi wakaingia. Ushindani uliinua bei ya mkulima, hilo nalikiri wazi. Lakini vyama vingi vya msingi vilidhoofika, na pamoja navyo likapotea daftari la kijijini ambalo mkulima angeweza kulifungua na kuuliza. Palipobaki ushirika wenye nguvu tofauti inaonekana. Chama cha Gumutindo, chenye makao yake Mbale, kinauza kahawa ya wanachama wake chini ya nembo ya biashara ya haki. Peace Kawomera, kilichoundwa mwaka 2004 kutoka Namanyonyi, nje kidogo ya mji, kimewaweka Wayahudi wa Abayudaya, Waislamu na Wakristo katika chama kimoja. Watu wa dini tatu hawawezi kukaa pamoja katika biashara kama kila mmoja anaishuku mizani, na naona hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa.

Sasa kuna hesabu mpya inayopanda mlima, na inatoka Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kila kahawa inayoingia huko ijulikane ilitoka shamba gani, kwa alama ya ramani, na ithibitike kuwa shamba hilo halikukatwa kutoka msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini usajili wa mashamba umekwisha kuanza. Vijana wenye simu wanapita mashambani, wanasimama katikati ya migomba, wanabonyeza, na shamba linakuwa nukta kwenye kompyuta ya mtu. Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 katika mwaka wa kahawa wa 2023/24, na Ulaya ndiyo mnunuzi wake mkubwa, kwa hiyo hakuna mchezo katika jambo hili.

Siipingi sheria hiyo. Wanale umevuliwa miti ya kutosha, na mwaka 2022 Mbale ilizika watu baada ya mito Nabuyonga na Namatala kufurika usiku mmoja wa mwisho wa Julai. Ninachokipinga ni hesabu inayokwenda upande mmoja. Mnunuzi wa Hamburg ataweza kuiona nukta ya shamba la mama mmoja wa Wanale. Mama huyo hataona chochote. Hataona gunia lake lilipimwa kilo ngapi lilipofika kiwandani, lilipata daraja gani, liliuzwa bei gani. Yuko pale pale alipokuwa yule kijana aliyekatwa mshahara: anahesabiwa, na daftari liko kwa mwingine.

Teknolojia ya kumwonyesha ipo, na si ghali. Simu aliyonayo mfukoni inapokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Kampala na kumletea ujumbe wenye kiasi na saa. Simu hiyohiyo inaweza kupokea ujumbe kutoka kwenye mizani ya kielektroniki ya chama: jina, kilo, bei, tarehe. Panapotumika mizani ya namna hiyo, ubishi unapungua kwa sababu pande zote mbili zina kumbukumbu inayofanana. Bunge la Uganda liliamua Novemba 2024 kuivunja mamlaka ya kahawa, UCDA, na kuhamishia kazi zake katika Wizara ya Kilimo. Wizara imerithi kazi ya kuwasajili wakulima. Basi na iongeze safu moja katika usajili huo, safu ya mkulima kujisomea hesabu yake.

Kwa wenye mikahawa wa Mbale na Jinja nina ombi dogo zaidi. Wapeni mabarista daftari la majaribio kabla ya kuwapa lawama, na kila usiku someni tarakimu za mashine mkiwa wawili.

Na kwako, mkulima wa Wanale, Bududa, Sironko au popote unaposomewa makala haya na mwanao: mavuno makubwa yakianza, kabla hujatundika gunia lako, tazama kwenye mizani kama ina alama ya ukaguzi ya shirika la viwango, UNBS. Sheria inaitaka mizani yote ya biashara ikaguliwe. Kama alama haipo, liweke gunia chini, na uende kwa mnunuzi mwingine.